Sari ya Tangail: wafumaji wa Phulia hawakuiba

Februari 2024 Wizara ya Utamaduni ya India iliandika mtandaoni kwamba asili ya sari ya Tangail ni Bengal Magharibi, jimbo la India. Tangail iko Bangladesh, kaskazini-magharibi mwa Dhaka, na haijawahi kuwa sehemu ya Bengal Magharibi hata siku moja. Wabangladeshi walikasirika, tena kwa haki. Andiko likafutwa. Usajili wenyewe ukabaki palepale: Januari ya mwaka huo India ilikuwa imekwishaipa sari hiyo hati ya kiashiria cha kijiografia, ile inayofunga jina la bidhaa na mahali inapotengenezwa, kwa jina la Sari ya Tangail ya Bengal. Bangladesh ikasajili ya kwake Februari hiyohiyo, na Desemba 2025 UNESCO ikauingiza ufumaji wa Tangail katika orodha ya turathi zisizoshikika, kwa ombi la Bangladesh.

Tangu hapo hukumu inayosikika zaidi ni kwamba India imeiba. Kwa Wizara na lile andiko lake, sina la kuitetea. Tatizo ni kwamba hukumu hiyo inawashukia watu wengine kabisa: wafumaji wa Phulia.

Hoja ya Bangladesh ina uzito. Kule sari ilishapiganiwa. Enzi za Pakistan, kabla Bangladesh haijajitenga mwaka 1971, wakubwa wa serikali waliiona sari pamoja na kidoti cha paji la uso kuwa mambo ya Kihindu yasiyomfaa Mwislamu. Wanawake wa Dhaka wakazidi kuvaa, na wakavaa kwa makusudi. Hadi leo, Pohela Boishakh ikifika katikati ya Aprili, mwaka mpya wa Kibengali, mitaa inajaa sari nyeupe zenye pindo jekundu. Februari 21, siku ya kuwakumbuka waliouawa mwaka 1952 wakiidai lugha yao, zinavaliwa nyeusi na nyeupe. Watu waliolipata taifa lao kwa njia hiyo wakimsikia jirani mkubwa akisema sari ya Tangail ni yake, lazima iwachome. Halafu haikuwa mara ya kwanza: jamdani, nguo yenye maua ya kufumwa kwa mkono, Wabangladeshi wanaihesabu kuwa ya Dhaka, lakini mwaka 2009 India ilisajili jamdani ya Uppada, iliyoko jimbo lake la Andhra Pradesh, wakati Bangladesh haina hata sheria ya viashiria. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2013.

Sasa twende Phulia, mji mdogo wa wilaya ya Nadia, upande wa India. Wafumaji wake wengi ni wa ukoo wa Basak, Wahindu waliotoka Tangail. Baadhi waliondoka baada ya mgawanyiko wa India na Pakistan wa 1947, wengine katika miaka ya sitini, wengine na vita vya uhuru wa Bangladesh vya 1971. Waliacha nyumba na mashamba. Kilichobaki mikononi mwao ni ufundi, nao ndio uliowalisha katika nchi ambayo walikuwa wageni. Walianza kwa kufumia matajiri waliowapa uzi na kuichukua nguo kwa bei waliyojipangia wenyewe, kisha wakaunda vyama vya ushirika. Biren Kumar Basak, aliyetunukiwa nishani ya Padma Shri na India mwaka 2021 kwa ufumaji wake, alizaliwa Tangail.

Mtu akitaka kujua walichobeba, aangalie ua moja katika sari yao. Uzi wa pamba hupakwa kwanza wanga wa bisi za mchele ili ukaze na usikatike. Mfumaji anapofika mahali pa ua, anachukua kijiuzi cha ziada na kukipenyeza kwa vidole kati ya nyuzi za mtande, zile zilizotandazwa kwa urefu, hesabu kwa hesabu. Ndipo mshindio, uzi wa kukata upana, unapita na kushindiliwa. Mstari unaofuata kijiuzi kinarudi, kimesogea uzi mmoja au miwili. Kila ua lina kijiuzi chake, na yakiwa maua mia, mikono inarudi kwenye kila moja kabla ya safu kusonga mbele. Hesabu hiyo anaijua mtu, aliyeipata kwa kukaa miaka pembeni ya baba au mjomba, na mtu akihama inahama naye.

Kuna jambo wanaosema "udongo wa Tangail" hulipita haraka. Basak wenyewe hawakuanzia Tangail. Wanahesabiwa kuwa wazao wa wafumaji wa melimeli ya Dhaka, waliotoka Dhamrai na Chowhatta katika karne ya 19 kwa mwaliko wa wamiliki wakubwa wa ardhi wa Tangail. Ikiwa kuhama kulikuwa halali safari ile, na sari ikachukua jina la makao mapya, kwa nini safari ya pili, ambayo wengi hawakuitaka, iitwe wizi? Hata maombi ya India ya mwaka 2020 yanaieleza sari ya Phulia kuwa mchanganyiko wa ufumaji wa Shantipur, mji jirani, na ule wa Dhaka na Tangail. Yaani faili la usajili linakiri kile ambacho Wizara ilikikana.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu moja ya fedha. Sensa ya ufumaji wa mikono ya India ya 2019–20 ilikuta kwamba karibu theluthi mbili ya kaya za wafumaji nchini humo zinaingiza chini ya rupia 5,000 kwa mwezi. Wakati ule hizo zilikuwa kama dola 70. Hapo ni kaya nzima: baba kwenye kitanda cha kufumia, mama anasokota na kupaka wanga, watoto wanasaidia. Sari ikifika dukani Kolkata kabla ya sikukuu ya Durga Puja, bei yake haifanani hata kidogo na mapato hayo. Na rafu ya pembeni ina sari ya mashine ya umeme yenye maua yaleyale, imetoka kiwandani na inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Mashine hizo zinawaumiza Tangail vilevile kama Phulia. Hati mbili zinazopingana haziwazuii wenye viwanda, na mnunuzi asiyejua ipi ni ipi atachukua ya bei nafuu.

Njia ya kisheria ipo. Mkataba wa Geneva wa 2015 kuhusu viashiria vya kijiografia unaruhusu nchi zinazopakana kusajili kwa pamoja bidhaa ya eneo lililovuka mpaka. Mgogoro ulipolipuka, si India wala Bangladesh iliyokuwa imejiunga, na kwa siasa za Delhi na Dhaka zilivyo sioni wakikaa meza moja karibuni. Lakini India inaweza peke yake, hata kesho, kutamka rasmi kwamba ufundi huu ulitoka Tangail na uliletwa Nadia na wakimbizi, na kuyaweka maneno hayo kwenye lebo ya kila sari inayouzwa kwa jina hilo. Bangladesh ikishapata tamko hilo, sioni itapata nini kwa kudai hati ya Phulia ifutwe.