Kukagua programu: uisome au uiendeshe?

Juzi Area D, Dodoma, tulibishana na jamaa anasema zana zinazokagua programu bila kuiendesha ni kupoteza muda tu, iendeshe uone inapoanguka, basi. Mimi yalishanikuta kwa hili so niseme kidogo.

Hizo zana anazozidharau zinasoma kodi (sio ya TRA jamani, ni maagizo ya programu yalivyoandikwa) ikiwa imelala vilevile. Msingi wake mkubwa waliuweka wanasayansi wa kompyuta Patrick na Radhia Cousot kule Ufaransa mwaka 1977, yani badala ya kufuata kila namba, zana inabeba makadirio, labda "hii haipungui 0 haizidi 100", halafu inaangalia kama kuna njia yoyote ya kuharibika. Zao la kazi hiyo, zana inaitwa Astrée, lilikagua programu ya kuongozea Airbus A340, na hapo jamaa hana hoja, utarusha ndege ili uone kama inaanguka? Roketi ya Ariane 5 mwaka 1996 ililipuka hata dakika haijaisha kisa namba iligoma kuenea kwenye nafasi iliyotengewa kwenye kompyuta, biti 16, na kodi yenyewe ilitoka kwenye roketi ya kabla yake, Ariane 4, ambako iliendeshwa miaka bila shida.

Ila na yeye ana lake. Mwanahisabati Alan Turing alishaonyesha mwaka 1936 kwamba hakuna njia moja ya kujua kwa kila programu kama itafika mwisho au itazunguka milele, kwahiyo zana isiyotaka kupitwa na kosa lazima ionye hata pasipo na kosa, kama mlinzi anayepuliza filimbi kila paka akikatiza, mwisho mnalala. Kuendesha hakuna hilo: Barton Miller na wenzake, chuo kikuu cha Wisconsin Marekani, walimwagia programu za Unix (mfumo wa kuendeshea kompyuta) herufi za ovyo tu, majibu ya mwaka 1990 yakawa robo hadi theluthi zimeanguka, na ikianguka imeanguka, huna cha kubisha.

Sasa mimi nilitengeneza kiprogramu cha wanunuzi wa zabibu, kinagawa hela kwa idadi ya kreti. Nimekiendesha wiki nzima kiko poa, msimu umeisha, siku ya kwanza tu hakuna kreti hata moja, kikafa. Narudi kwenye ripoti ya zana, onyo la kugawa kwa sifuri lipo, limefukiwa chini ya maonyo mia na kitu ya kipuuzi ambayo sikuyasoma.

Siku hizi nawasha maonyo mawili tu, kugawa kwa sifuri na namba kuzidi nafasi yake, nayasoma yote, hitilafu zingine naziacha zijitokeze kwenye kuendesha.