Mwani, Yeot na Jino Langu

Kwetu Paje, Unguja, mwani hauliwi. Unapandwa kwa kamba na vigingi maji yakipwa, unavunwa, unaanikwa, unatiwa gunia, unapimwa kilo, unaondoka. Mama yangu anaifanya kazi hiyo tangu mimi sijaota meno, na ukimuuliza mwani wote huo unakwenda kufanya nini ng'ambo, atakwambia wanautilia kwenye dawa za meno na aiskrimu, kila watu na akili zao. Kuutia kwenye bakuli ukaunywa na kijiko? Hilo halikuwahi kuzungumzwa nyumbani kwetu, hata miaka ya shida.

Haya, nikaenda kusoma Korea, nikafikia Busan. Ubavuni mwa Busan kuna Gijang, na watu wa huko kwa mwani wao hawataniwi. Nikapanga chumba kwenye hasukjip, nyumba za wanafunzi ambazo mwenye nyumba anakulaza na kukupikia, chakula kimo ndani ya kodi. Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi mtu mzima, mfupi, ana sauti ya mnada wa samaki. Sote tulimwita Halmoni, yaani bibi kwa Kikorea, na yeye alituita sote “mwanafunzi”, hata yule mpangaji wa ghorofani aliyekwisha kuota mvi akisubiri kufaulu mtihani wa kuajiriwa serikalini. Alipogundua mimi sili nguruwe wala nyama isiyochinjwa Kiislamu, hakuuliza mengi. Alitikisa kichwa kwa huruma, na tangu siku hiyo nikawa nalishwa samaki, kome na mayai utadhani natunzwa kwa ajili ya harusi.

Kuingia chuo kulikuwa na mtihani wa Kikorea kwa wageni, unaitwa TOPIK. Upo tangu 1997, nao uko wa namna mbili: TOPIK I kwa wanaoanza, TOPIK II kwa waliokwisha kujiingiza na hawana pa kurudi. Mimi nilikuwa wa huo wa pili. Kusikiliza, kuandika na kusoma, jumla alama 300. Ukifikisha 120 unapewa daraja la tatu, 150 la nne, 190 la tano, 230 la sita. Chuo nilichokitaka kilidai la tatu tu. Lakini wa la nne walikuwa wanapunguziwa ada, na ada ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi, si sarufi.

Kwa hiyo nilijisomea kila jioni mezani jikoni, maana chumbani kwangu ukifungua kitabu lazima ufunge mlango wa kabati. Kuandika ndiko kulikonitoa jasho. Unapewa karatasi ya miraba, kila silabi na mraba wake, na nafasi tupu baina ya maneno nayo inakula mraba. Swali la 53 unaletewa grafu uieleze kwa miraba 200 hadi 300. La 54 ni insha ya 600 hadi 700, nawe hapo mkono umekufa ganzi. Upande wa kusikiliza nilidhani niko salama, kwa kuwa nilikuwa naishi na Halmoni. Tatizo ni kwamba Halmoni alikuwa akizungumza Kibusan cha gati, wakati sauti za mtihani ni za watu wa Seoul waliooga wakapiga pasi. Isitoshe, nikifungulia rekodi za mazoezi alikuwa anazijibu. Mwanamke wa kwenye rekodi akisema amepoteza mkoba kituoni, Halmoni anaacha kumenya vitunguu: “Ulikuwa unaangalia wapi, wewe?” Hapo swali limeshapita.

Sasa, kitambulisho cha mgeni Korea namba yake huanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Halmoni alikuwa na nakala ya changu kwenye faili la wapangaji. Mtihani uliangukia Jumapili ya Aprili. Jumamosi yake nikarudi kutoka maktaba, nikakuta meza imetandikwa, wapangaji wamekaa, na mbele ya kiti changu bakuli kubwa linafuka moshi. Ndani yake mna kitu cheusicheusi cha kijani kinacheza kwenye mchuzi na kome.

Mwani.

“Leo umezaliwa,” akatangaza Halmoni. “Mwani wa Gijang. Kunywa.”

Wakorea wakizaa hunyweshwa supu hiyo kurudisha nguvu, kwa hiyo mtoto naye kila mwaka huinywa siku yake, kumkumbuka mama na uchungu alioupata. Jambo jema kabisa. Nilikuwa nimeshika kijiko, bismillahi iko mdomoni, mara yule mpangaji wa ghorofani akasimama na kusogeza kiti chake mpaka ukutani.

“Halmoni,” akasema, “huyu kesho si ana mtihani?”

Jikoni pakawa kimya. Hata friji nadhani ilinyamaza.

Nielezeeni nyie mnaosema ushirikina ni wa kwetu tu. Kule mtu mwenye mtihani hagusi supu ya mwani, kwa sababu mwani unateleza, na atakayeunywa atateleza nao. Mwenye kufeli husemwa amekunywa supu ya mwani, basi, watu wameelewa. Huyu bwana wa ghorofani alikuwa shehe wa mambo haya. Wakati huo alikuwa hajaosha nywele tangu katikati ya wiki, maana naye alikaribia mtihani wake, na kuosha kichwa ni kuyasukuma nje yale uliyoyasoma. Tulikuwa tunamjua anapita kabla hajafika.

Likaanza baraza. Halmoni anasema mama wa mtu hawezi kupuuzwa kwa ajili ya karatasi. Bwana wa ghorofani anasema huyo mama atafurahi zaidi mwanawe akifaulu. Msichana wa Vietnam wa chumba cha pili, ambaye naye alikuwa na TOPIK kesho yake, alikuwa amekwisha kufunika pua kwa mkono ili hata mvuke usimwingie. Nikaona bora tumpigie mwenyewe mama. Nikampigia kwa video, nikatoa shikamoo, nikaelekeza simu kwenye bakuli.

Mama akasogeza uso mpaka nikaona tundu za pua. “Mwanangu,” akasema, “huko hakuna samaki?”

“Wapo, mama. Hii ni heshima yako wewe.”

“Mie heshima yangu unauza, huinywi.”

Nikamtafsiria Halmoni kwamba mama anashukuru sana.

Hukumu ikatoka: ninywe supu yote, kwa sababu deni la mama halilali, halafu asubuhi utelezi uondolewe kwa yeot. Yeot ni peremende ya zamani ya mchele na kimea, inachemshwa mpaka inakuwa nzito, kisha inavutwavutwa na kukatwa vipande. Ikiwa baridi ni ngumu, unaweza kupigia msumari. Ikipata joto la mdomo inanata, na kunata ndiko kunakotakiwa: anayekula anate kwenye orodha ya waliofaulu. Zamani kina mama walikuwa wakiibandika kwenye mageti ya vyuo siku za mitihani. Halmoni akapiga hesabu yake, akasema bakuli lile si dogo, nitahitaji vipande vitatu.

Supu, nikwambie ukweli, ilikuwa tamu. Mama asisikie.

Asubuhi msichana wa Vietnam alinipa zawadi mbili: uma wa plastiki, wa kuchoma jibu sahihi, na pakiti ndogo ya karatasi za chooni, eti maswali yajikunjue zinavyojikunjua. Halmoni akanifungia yeot zangu kwenye karatasi, akaniagiza mbili nizile kwenye treni na ya tatu niitie mdomoni nikiwa langoni pa chuo, si kabla. “Dandi haera!” akanipigia kelele mlangoni, yaani nikafanye kwa uangalifu, na jirani akafungua dirisha kutazama.

Mbili za kwanza zilipita salama. Ile ya tatu niliitia mdomoni langoni, kama nilivyoagizwa, saa sita na dakika kumi. Saa sita na dakika ishirini ndiyo mwisho wa kuingia, nikapanda ngazi mbiombio. Aprili ile upepo wa baharini ulikuwa bado una meno, na yeot ilikuwa imekaa kwenye mfuko wa koti ikapoa mpaka ikawa jiwe. Nikaisukuma shavuni isubiri kuyeyuka. Chumba cha mtihani kilikuwa na hita. Ikayeyuka.

Wasimamizi wakakusanya simu, mikoba ikawekwa mbele. Wakagawa zile kalamu maalumu za ncha mbili, nene ya kujazia majibu na nyembamba ya kuandikia. Kisha msimamizi akaanza kupita meza kwa meza kulinganisha sura na vitambulisho. Akafika kwangu, akatazama kadi, akatazama uso, akatazama shavu langu la kulia lililovimba.

“Jina lako?”

Nikataka kujibu. Meno ya juu yakakataa kuachana na ya chini.

“Mmmh,” nikasema.

“Jina lako, tafadhali.”

“Mmh-mmh.”

Akamwita mwenzake. Wakasimama wote wawili wanalikodolea shavu. Nilijua wanachowaza, kwa kuwa dakika tatu nyuma walikuwa wametusomea onyo la vifaa vya kielektroniki. “Una nini mdomoni? Kitoe.” Chumba kizima kikageuka. Msichana wa Vietnam, safu ya pili, alikuwa amefumba macho kabisa. Nikatumia mikono: nikaonyesha kunata, nikaonyesha bibi mfupi, nikaonyesha supu. Hakuna kilichosaidia. Basi nikatia vidole viwili mdomoni, nikashika, nikavuta.

Kwanza ilikuja kwa ukarimu, uzi mrefu wa rangi ya asali. Halafu ikakwama. Nikavuta kwa nguvu ya mtu mwenye haja ya daraja la nne. Ikalia “tak!”, nikatoa ukelele ambao si Kikorea wala Kiswahili, na mkononi mwangu ikabaki yeot, na juu ya yeot, kama kito kwenye pete, kizibo cha gego langu.

Msimamizi akainama. Akanusa. “Yeot?” akauliza.

“Yeot,” nikasema, sasa mdomo umefunguka, hewa inaingia kwenye tundu mpaka utosini.

Chumba kikaangua kicheko. Msimamizi wa pili alilazimika kutoka nje kidogo. Wa kwanza akajizuia, akaniuliza kwa heshima zote kama naweza kuendelea, na kama nina kitu cha kufutia mikono. Nilikuwa nacho! Pakiti ya karatasi za chooni, mfukoni mwa suruali. Aliikagua karatasi moja moja, akaniruhusu. Katika kinga zote nilizobeba siku ile, hiyo tu ndiyo iliyofanya kazi.

Saa saba kamili kusikiliza kukaanza. Maswali 20 ya mwanzo wanayasoma mara moja tu, na kila nikivuta pumzi kwa mdomo jino linapiga yowe kuliko spika. Nikavuta kwa pua. Nikisahau, swali limekwenda. Insha niliandika mdomo umefungwa, kimya, miraba inajaa yenyewe. Sijawahi kuandika vizuri namna ile. Mapumziko yalipofika, saa tisa kasoro dakika kumi, nikaenda kunywa maji kwenye mashine ya korido nikabonyeza kitufe cha bluu, ambacho ni cha baridi. Wenzangu waliokuwa korido wanaweza kuwasimulia yaliyofuata. Kusoma nilikumaliza nimeegemea shavu kwenye kiganja, msimamizi ananitazama kwa jicho la mjomba.

Kesho yake nikaenda kwa daktari wa meno. Nikafungua mdomo, hajauliza kitu, akasema, “Yeot.”

“Umejuaje, daktari?”

“Wangu wa yeot huja Novemba, ukifika mtihani wa kuingia vyuo vikuu. Wewe wa Aprili ndiye wa kwanza.”

Hizo pesa alizochukua ningeweza kununulia yeot za kubandika mageti yote ya Busan.

Matokeo yakatoka mtandaoni majuma baadaye, tukiwa mezani. Nikasoma: 148. Daraja la tatu. Kusikiliza na kusoma kila swali lina alama mbili. Nilikuwa nimekosa daraja la nne kwa swali moja.

Bwana wa ghorofani aliweka vijiti chini. “Supu,” akasema. Halmoni akapiga meza. “Supu ilimvuta mpaka chini kabisa, yeot ndiyo iliyomkamata hapo kwenye la tatu!” Msichana wa Vietnam, aliyepata la nne bila kula chochote, alinyamaza kwa adabu. Nilitaka kuuliza nani atasema kuhusu jino, nikaona hapana nafasi.

Baadaye usiku Halmoni akanigongea mlango, kalenda mkononi, miwani puani. Alikuwa amewaza. Wazee wa kule siku za kuzaliwa huzihesabu kwa mwezi wa mbinguni, na yeye alikuwa amenihesabia kwa kalenda ya kawaida. Akaupekua mwaka wangu, akashuka kwa kidole, akahesabu kwa sauti. Kumbe siku yangu kwa mwezi haikuwa ile Jumamosi hata kidogo. Kwa hiyo ile haikuwa supu ya siku ya kuzaliwa, ilikuwa chakula cha jioni tu, na chakula cha jioni hakina makosa.

“Basi Halmoni, zile alama mbili zilikwenda wapi?”

Akaishusha miwani. Akanitazama kichwani muda mrefu.

“Asubuhi ile,” akasema, “uliosha nywele?”

Nikaukumbuka udhu wangu wa alfajiri na yale maji niliyopaka kichwani.

“Kidogo tu,” nikamwambia.

“Aaa!” Akaifunga kalenda, akashuka ngazi akimwita bwana wa ghorofani aje asikie.