Kukata titi wakati saratani imeshafika mifupani

Mwanamke akiambiwa kuwa saratani ya titi lake imeshafika mifupani au kwenye ini, huuliza: mbona hamlikati hilo titi? Ana haki ya kuuliza. Anayetaka mti ufe haanzii kwenye matawi.

Kuna wakati hata takwimu zilimuunga mkono. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walipekua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 16,000 wa hatua ya nne, yaani ambao saratani ya titi imeshasambaa mwilini, wakaona walioondolewa uvimbe wote waliishi zaidi kuliko ambao hawakupasuliwa. Tafiti za namna hiyo zikafuatana.

Mimi hapo husita. Ni nani hasa hupelekwa kwenye chumba cha upasuaji? Ni yule ambaye bado ana nguvu, ugonjwa umegusa sehemu chache, na dawa zimeanza kumkubali. Aliyezidiwa hapasuliwi. Na aliyefariki mapema, kabla zamu yake ya upasuaji haijafika, kifo chake huhesabiwa kwa wasiopasuliwa. Kisu kinavikwa taji la mbio kilizoanza kikiwa mbele.

Dawa ya utata huo ni kuwagawa wagonjwa kwa kura. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilifanya hivyo kwa wanawake 350, ikatoa matokeo mwaka 2015: nusu ya waliopasuliwa walivuka miezi 19.2, kwa wasiopasuliwa, miezi 20.5. Utafiti wa Marekani uitwao E2108 uligawa wagonjwa 256 ambao dawa zilikuwa zimeshautuliza ugonjwa wao. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai ni asilimia 68.4 ya waliopasuliwa na 67.9 ya wasiopasuliwa. Tofauti hiyo ni kama hakuna.

Uturuki ilileta jibu jingine. Kati ya wagonjwa 274, waliofikisha miaka 5 walikuwa asilimia 41.6 kwa waliopasuliwa na 24.4 kwa wenzao. Si pengo la kupuuza, ila kundi la upasuaji lilibahatika kuwa na wengi zaidi wenye saratani inayotibika kwa dawa za homoni, aina ambayo kwa kawaida huenda polepole. Kwangu hilo ni dokezo, bado si ushahidi wa kumpeleka kila mgonjwa mezani.

Lakini je, umri usiporefuka, upasuaji hauna kazi? Unayo. Katika E2108, ugonjwa uliendelea kwenye titi na maeneo ya jirani kwa asilimia 39.8 ya wasiopasuliwa ndani ya miaka 3, na 16.3 tu ya waliopasuliwa. Uvimbe ukishapasua ngozi, ukavuja damu na kutoa harufu, mtu hujifungia ndani, hata wageni hataki. Huyo ningemtetea apasuliwe hata kama hataongezewa siku moja. Kukata mapema kwa kuhofia kidonda kisichokuwepo ni jambo jingine: katika utafiti huohuo, wagonjwa walipoulizwa kuhusu hali ya maisha yao, waliopasuliwa hawakuwa na nafuu kuliko wenzao.