Manifoldi ya Kiwandani au Heda ya Kununua: Hesabu ya Impreza yenye Turbo

Miongoni mwa wamiliki wa Subaru Impreza na Forester zenye turbo (kifaa kinachoendeshwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini), ambazo huletwa Afrika Mashariki kwa wingi zikiwa zimeshatumika Japani, suala la kubadilisha manifoldi ya eksozi, yaani kipande kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, huamuliwa mara nyingi kwa sikio kabla ya kuamuliwa kwa hesabu. Wapo wanaoamini kwamba manifoldi ya kiwandani ilitengenezwa kwa kubana gharama na kwamba heda, yaani manifoldi ya kununua iliyoundwa kwa mabomba ya chuma cha pua, huifungua injini pumzi. Wapo pia wanaoshikilia kwamba wahandisi wa kiwanda walijua walichokifanya. Pande zote mbili husema kweli, ila mara nyingi zinazungumzia injini tofauti.

Hoja ya heda ina nguvu zaidi katika injini isiyo na turbo. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo husafiri ndani ya bomba, na linapofika mabomba yanapokutana, sehemu yake hurudi kama wimbi la kufyonza. Wimbi hilo likiifikia silinda wakati vali za kuingizia na za kutolea ziko wazi kwa pamoja, hufyonza mabaki ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia. Urefu na kipenyo cha bomba ndivyo vinavyoamua ni katika kasi gani ya injini msaada huo utapatikana. Ndiyo maana, kwa kawaida, heda ya mabomba manne yanayounganishwa mawili mawili kabla ya kuwa moja hunufaisha kasi za kati, ilhali ile ya manne kuingia moja kwa moja katika moja hunufaisha kasi za juu. Mfano ulio wazi ni Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ za mwaka 2012, zenye injini ya lita 2.0 na nguvu farasi 200. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, hudidimia takriban kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika, na heda nzuri pamoja na marekebisho ya programu ya kompyuta ya injini hulijaza bonde hilo kwa kiasi ambacho dereva hukihisi barabarani. Hata hivyo, katalitiki ya gari hilo, yaani kifaa cha kupunguza sumu ya moshi, imo ndani ya manifoldi yenyewe, kwa hiyo sehemu ya faida inayosifiwa hutokana na kuiondoa katalitiki, na gharama yake hulipwa na hewa tunayoivuta. Faida ya namna hiyo naona si haki kuihesabu kuwa ni ustadi wa heda.

Injini yenye turbo ina hesabu nyingine. Kizuizi kikubwa cha moshi ni turbini yenyewe, yaani gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi, na mgandamizo ndani ya manifoldi mara nyingi huzidi ule wa hewa inayosukumwa kuingia kwenye silinda, hivyo yale mawimbi ya kufyonza hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kinachotakiwa ni moshi kuifikia turbini ukiwa bado na joto, na kwa mapigo yaliyopangika.

Hapo ndipo Impreza inapovutia. Katika injini yake, iitwayo EJ, silinda 1 na 3 ziko upande wa kulia, 2 na 4 upande wa kushoto, na mfuatano wa kuwaka ni 1-3-2-4. Turbo imekaa kulia, kwa hiyo moshi wa kushoto hulazimika kupita chini ya injini na kusafiri njia ndefu zaidi. Mapigo hufika kwa nafasi zisizo sawa, na kutokana na hali hiyo huzaliwa ule mngurumo unaowafanya watu wageuke kabla gari halijaonekana. Heda ya mabomba yenye urefu sawa huyapanga mapigo na kuondoa mngurumo. Subaru wenyewe walifuata njia hiyo: Legacy GT ya mwaka 2003 kwa soko la Japani ilipewa mabomba ya urefu sawa na turbo yenye mifereji miwili, ambapo silinda 1 na 2 zina mfereji wao, 3 na 4 wao, ili pigo la silinda moja lisiingilie la nyingine. Turbo huamka mapema zaidi. Anayeing'oa mifumo hiyo na kufunga mabomba yasiyolingana ili apate sauti anatupa uhandisi bora kuliko anaoununua, na inasikitisha kuona jambo hilo likiitwa uboreshaji.

Kuna pia suala la uimara. Chuma cha pua cha daraja la 304 hutanuka kuliko chuma kilichomiminwa katika kalibu: bomba la milimita 500 likipata joto la nyuzi 700 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 6, wakati lile la kumiminwa hurefuka kwa karibu 4. Heda nyembamba isiyo na kiungo cha kuruhusu mtanuko, iliyochomelewa kwa haraka na kubebeshwa uzito, hupasuka kwenye maungio. Ufa kabla ya turbo hupoteza mgandamizo, na unaweza kuipotosha sensa ya oksijeni hata kompyuta ikapima mafuta vibaya. Barabara ya changarawe nayo haina huruma kwa bomba linaloning'inia chini ya injini.

Kwa Impreza yenye turbo ya kiwandani, basi, ningeiacha manifoldi ilipo, nikabadilisha gasketi zilizochoka, nikarudisha vizuizi vya joto ambavyo mafundi wengi hupenda kuvitupa, kisha fedha zikaenda kwenye bomba linalotoka nyuma ya turbo na kwenye kurekebisha programu kwa mashine ya kupima nguvu. Heda ya urefu sawa ianze kufikiriwa turbo kubwa zaidi inapofungwa, kwa kuwa hapo wingi wa moshi unazidi ule uliokusudiwa na kiwanda. Hata wakati huo, manifoldi ya awali ihifadhiwe pamoja na bolti zake: injini za EJ zinazidi kuzeeka, na kipande kizima kisicho na ufa hakitakuwa rahisi kupatikana.