Nani Alipie Matunzo ya Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu?

Katika familia moja ya Mufindi ninayoifahamu kwa karibu, ndugu wamegawanyika juu ya ekari tatu za mipaini. Mwenye shamba ni baba yao, mzee aliyevuka miaka 80, ambaye siku hizi humwita bintiye kwa jina la shangazi aliyekwisha fariki, na usiku wa Julai, baridi ikiwa kali, huamka akitaka kwenda kuswaga ng'ombe waliouzwa zamani. Binti amehamishia godoro lake mlangoni ili baba asitoke bila yeye kushtuka.

Ndugu walioko Dar es Salaam wanataka miti ivunwe ili fedha zimwajiri msaidizi, kwa kuwa mali ya mzee yapasa imtunze mzee kwanza. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, mipaini ikikatwa michanga huuzwa kwa bei ya hasara, na maradhi haya ya kupoteza kumbukumbu huweza kudumu miaka mingi baada ya fedha kwisha. Isitoshe, Sheria ya Mikataba hutaka anayeingia mkataba awe na akili timamu, kwa hiyo dole gumba la mzee asiyeelewa anachokiuza halina nguvu, hata kama kikao cha ukoo kimeridhia.

Wengine huielekeza lawama serikalini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi, lakini ahadi hiyo huishia kwenye milango ya hospitali, ilhali ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya na mahitaji yake makubwa ni mtu wa kukaa na mgonjwa usiku na mchana. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakikutosha kuajiri mtu, ila kilinunua sabuni na sukari. Wapo wanaohofu kwamba serikali ikianza kulipa, watoto watawatelekeza wazazi wao. Siikubali hofu hiyo, kwa sababu anayelala mlangoni hakuwekwa pale na fedha, na kumpunguzia mzigo hakutamwondoa.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu yenyewe. Anayetuma fedha kwa simu huonekana amechangia, naye binti aliyefunga genge lake la mboga Mafinga huhesabiwa kuwa yupo tu nyumbani. Kabla ya kuugusa mti hata mmoja, ndugu wangekadiria genge lile lilikuwa likimwingizia kiasi gani kwa mwezi, wakamlipa kiasi hicho kwa kuchangiana, na kila mmoja wao akatenga wiki zake za kuja kulala kwenye godoro lile.