Msituchagulie Holmes wa Kusoma

Kuna mtu amenikasirisha na leo sitanyamaza. Nimekuwa nikisaka hadithi fupi za Sherlock Holmes, yule mpelelezi aliyetungwa na Mwingereza Conan Doyle, zile zote 56, nizisome tena zikiwa kwa karatasi si kwa simu, na hapa Kisumu ukitaka kitabu cha zamani unaanzia soko la Kibuye, kwa wale wanaotandika vitabu chini kwa turubai kando ya viatu na nguo za watoto. Nikapata kimoja kinene kimefungwa kwa nailoni, jalada linasema ni mkusanyo kamili. Muuzaji akaniapia, "Boss, hiyo iko na zote, hakuna yenye imebaki." Yeye simlaumu, ameuza kile jalada linasema. Mwenye makosa ni huyo aliyekaa ofisini akaandika "kamili" juu ya kitabu ambacho yeye mwenyewe amekata.

Chukua The Red-Headed League. Jabez Wilson, mwenye duka la rehani, ameketi mbele ya Holmes na zile nywele zake nyekundu, hata hajaanza kueleza shida yake, na Holmes anamwambia amewahi kufanya kazi ya mikono, amefika China, na siku hizi amekuwa akiandika sana. Ya kuandika amejuaje? Mkono wa kulia wa koti unang'aa pale chini kama inchi tano hivi, na wa kushoto umelainika karibu na kiwiko, pale unapoegemea meza. China ni kwa sababu ya tatuu ya samaki juu kidogo ya kifundo cha mkono na sarafu ya Kichina inayoning'inia kwa mnyororo wa saa. Wilson akishaelezwa anacheka, anasema alidhani ni maarifa makubwa kumbe hakuna kitu. Sasa hayo yote kwa kitabu changu hayamo! Wilson anaingia, anasema vile alikuwa analipwa pauni 4 kwa wiki kunakili Encyclopaedia Britannica, wezi waliompa hiyo kazi ili atoke dukani wachimbe njia ya benki wanashikwa, kwisha. Nani anasoma hizi hadithi kwa ajili ya wezi jamani? Kwamba watashikwa tunajua. Mimi hunirudisha ni pale mtu amepanda ngazi amekaa kwa kiti na kuna mwingine anamwangalia kwa makini kuliko vile amewahi kuangaliwa na mtu yeyote maishani, halafu unafunga kitabu unapanda matatu ya Kondele na unajikuta unaangalia mikono ya mashati ya watu wote.

Lakini hiyo ningeivumilia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba The Yellow Face haimo kabisa, na nadhani najua sababu, ni ile moja ambayo Holmes anakosea tangu mwanzo mpaka mwisho, basi mchaguzi akaona haimfai shujaa.

Nilisoma The Yellow Face nikiwa form two na sijawahi kuisahau. Grant Munro, mfanyabiashara wa Norbury, ana mke anaitwa Effie ambaye aliishi Marekani, aliolewa huko Atlanta na mwanasheria, mume akafa kwa homa ya manjano, na Munro ameambiwa mtoto wao pia alikufa. Wanapendana hao, hawajawahi kukosana. Halafu ghafla mke anaomba pauni 100 na hataki kusema za nini, usiku wa manane anatoka kitandani polepole anaenda kwa nyumba ndogo ya jirani, na dirishani kwa ile nyumba kuna uso wa rangi ya ajabu, hausongi, kama wa maiti. Holmes anasikiza yote na kukata kauli: mume wa kwanza yuko hai, anamtisha mama wa watu ili apewe pesa. Wanaingia kwa nguvu. Ndani kuna msichana mdogo amevalishwa kinyago na glavu ndefu nyeupe, Holmes anakitoa, na mtoto ni mweusi. Baba yake alikuwa Mwafrika wa Marekani, na Effie alimficha mtoto kwa kuogopa kwamba huyu mume mpya akijua atamwacha. Kinafuata kimya kirefu. Halafu Munro anamwinua mtoto, anambusu, na akiwa bado amembeba anamnyoshea mkewe mkono ule mwingine waende nyumbani, na kumwambia kwamba yeye si mtu mwema sana lakini ni mwema kuliko vile mke alivyodhani.

Hiyo ilichapishwa Uingereza mwaka wa 1893. Kwa Mwingereza wa wakati huo sijui ilisomekaje, lakini mimi niliisomea huku, na huku Effie tunamjua. Ni yule msichana aliyeolewa mara ya pili na mtoto wake wa kwanza akaachwa ushago kwa nyanya, na bwana mpya hajawahi kuambiwa, na pesa ya sare inatumwa kwa simu kisiri jina likiandikwa la shangazi. Mama akija kumwona mtoto wanaambiwa na jirani wasiitane mama na mwana barabarani. Nimekaa kwa boma ambapo jambo kama hilo lilifunguka mbele ya watu, na ile dakika ambayo kila mtu anamtazama mume kuona atasema nini ni ndefu kuliko misa. Conan Doyle aliijua hiyo dakika. Na mtu fulani ameitoa kwa kitabu ati kwa sababu mpelelezi alikosea! Wakati kukosea ndiko kunakomfanya Holmes mtu, maana mwisho wake anamwambia rafiki yake Watson kwamba siku akimwona anajiamini kupita kiasi amnong'onezee tu "Norbury" sikioni.

Sawa, nakubali matoleo mafupi yanasaidia mtoto wa darasa la sita anayejifunza Kiingereza. Basi yaandikwe wazi kwa jalada kwamba yamefupishwa.

Na wengine mtaniambia hata Conan Doyle mwenyewe alikata. Kweli, The Cardboard Box, ile ya mama wa Croydon anayeletewa masikio mawili ya watu kwa boksi la chumvi, ilitoka gazetini mwaka huohuo wa 1893 lakini akaiacha nje ya mkusanyo wa The Memoirs toleo la Uingereza, ikarudi 1917 ndani ya mkusanyo mwingine, His Last Bow. Ule mwanzo wake mtamu, Holmes akifuata mawazo ya Watson kwa kuangalia uso wake tu, hasa macho, akauhamishia kwa hadithi nyingine, The Resident Patient, ndiyo maana kuna matoleo utakuta maneno yaleyale mara mbili. Hata yeye kwa hili simuungi mkono.

Za mwishomwisho kuna mbovu, The Mazarin Stone imechoka, na The Three Gables inamtaja mtu mweusi kwa namna inayonitia uchungu kila nikiisoma, hasa ukikumbuka ni mwandishi yuleyule wa yule mtoto wa Norbury. Bado naitaka kitabuni. Nataka kuikasirikia mwenyewe nikiwa nimeisoma, si mtu aniondolee halafu nibaki nikidhani nimemjua huyu mwandishi wote.

Kisheria hakuna anayezuiwa kuzichapa nzima. Conan Doyle alikufa 1930, na hapa Kenya hakimiliki ya kitabu inaisha miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Mchapishaji wa Kisumu au Nakuru anaweza kuzitoa zote, hata kwa Kiswahili, na wasomaji waliokua na Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, na kiko chake wapo wengi tu.

Kwa sasa ukienda sokoni fungua hiyo nailoni uhesabu kabla hujalipa. Mikusanyo ni mitano: hadithi za The Adventures ziwe 12, The Memoirs 11, The Return 13, His Last Bow 8, The Case-Book 12. The Memoirs zikiwa 12 usiogope, wamerudisha The Cardboard Box mahali pake. Mimi bado natafuta The Case-Book ya karatasi, hata kama haina jalada, na aliye nayo Kakamega, Busia au Nakuru aniambie tu bei, nitaifuata mwenyewe.