Playford: mkulima wa cheri na kampuni ya umeme

Thomas Playford alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Australia Kusini kuanzia Novemba 1938 hadi Machi 1965. Miaka 26 na ushei, uchaguzi mmoja baada ya mwingine. Huko kwao jina lake limebaki kuwa lawama: wakisema "Playmander" wanamaanisha mipaka ya uchaguzi iliyochorwa ili mashamba yaushinde mji. Lawama hiyo ina msingi, na sina nia ya kumsafisha. Ila wanaomhukumu kwa mipaka peke yake wanaacha nje kazi ambayo wapinzani wake wa Labor, chama cha wafanyakazi, wangejivunia kuifanya wao.

Mipaka yenyewe hakuianzisha yeye. Sheria ilipitishwa mwaka 1936 chini ya serikali ya Richard Butler, Playford akiwa mbunge wa kawaida aliyeingia miaka mitatu kabla. Bunge likawa na viti 39: 26 vya mashambani, 13 vya Adelaide, mji mkuu wa jimbo, na vitongoji vyake. Kufikia miaka ya 1960 mji ulikuwa na karibu theluthi mbili ya watu, na viti ni vilevile 13. Hapo ndipo dhambi yake ilipo. Alikuwa na zaidi ya robo karne ya kurekebisha, akailinda.

Watu hupenda kutaja uchaguzi wa 1953: Labor takribani asilimia 51 ya kura, chama chake cha LCL (Liberal and Country League) asilimia 36, na bado Playford akatawala. Takwimu hiyo inanitatiza. Siku zile viti vingi, hasa vya mashambani, mgombea alipita bila kupingwa, na pale ambapo hapakupigwa kura hapakuwa na cha kuhesabu. Wafuasi wake wa huko hawamo katika ile 36. Kwa hiyo pengo halikuwa kubwa kama linavyoonekana. Lakini hata ukiwarudisha hesabuni, Labor bado ilikuwa mbele, na mwaka 1962 haikuhitaji darubini: Labor ilipata kama asilimia 54 baada ya kura kugawiwa kati ya vyama viwili, ikachukua viti 19 dhidi ya 18, na wabunge wawili huru ndio waliobaki kuamua. Wote wawili walikaa upande wa Playford, na mmoja wao, Tom Stott, akapewa kiti cha spika. Hilo halina utetezi.

Sasa tazama alichokifanya na madaraka hayo. Playford alizaliwa 1896 katika familia ya wakulima wa matunda huko Norton Summit, kwenye vilima vya mashariki ya Adelaide, na alikuwa angali kijana mdogo alipoacha shule ili ashike shamba la cheri. Mtu wa namna hiyo, akiongoza chama cha wakulima na wenye mali, ungetarajia awaachie matajiri biashara zao. Kampuni ya Adelaide Electric Supply, iliyowasha taa za mji, ilikuwa ya watu binafsi na ilitegemea makaa ya mawe ya kutoka New South Wales yaliyoletwa kwa meli. Wachimbaji wa huko wakigoma, au vita ikikamata meli, Adelaide ilikaa roho juu. Jimbo lilikuwa na makaa yake Leigh Creek, mbali kaskazini, lakini yalikuwa ya kahawia, duni, yenye joto dogo. Kampuni haikutaka kujifunga nayo.

Playford aliunda tume, tume ikapendekeza serikali iichukue kampuni, akapeleka muswada bungeni. Labor ikamuunga mkono. Waliomkwamisha mwaka 1945 ni watu wa chama chake mwenyewe katika baraza la juu, lililochaguliwa na wenye mali tu. Hakulegea. Mwaka 1946 muswada ukarudi na safari hii ukapita, huku Ben Chifley wa Labor, waziri mkuu wa Australia nzima kule Canberra, akimsaidia. Kampuni ikawa shirika la umma, ETSA. Makaa ya Leigh Creek yakapelekwa kwa reli Port Augusta, ambako kituo cha kuzalisha umeme kilifunguliwa 1954 kwa jina lake.

Wanaomtetea husema viti vya mashambani vilimpa utulivu wa kupanga mambo ya miaka kumi mbele. Sikubaliani nao kabisa. Muswada wa umeme ulipita kwa kura za Labor, na kikwazo kilikuwa chombo kingine kilichowanyima raia sauti zao. Utulivu alikuwa nao, ndiyo, lakini ujasiri ule ulikuwa wake yeye.

Utulivu huohuo ulimfanya pia apuuze asiyoyapenda. Shule zilibanwa fedha. Baa zilifungwa saa kumi na mbili jioni hadi baada ya yeye kuondoka madarakani. Mwaka 1959, Rupert Max Stuart, Mwaborijini aliyehukumiwa kunyongwa, alipopata watetezi, Playford aliunda tume ya kuchunguza ambamo walikuwamo majaji waliokwisha kuisikiliza kesi hiyo. Kelele zilikuwa kubwa, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, lakini doa halikutoka.

Na bado nyumba za bei nafuu za Housing Trust, shirika la nyumba la serikali, zilijengwa kwa maelfu, mji wa Elizabeth ukaanzishwa 1955, Holden wakaja kuunda magari huko. Wafanyakazi waliojaa Elizabeth, wengi wao wahamiaji kutoka Uingereza, waliipigia Labor. Mkulima huyu alitumia kura za mashamba kujenga mji ambao ungekuja kumng'oa, na sidhani kwamba hakuliona hilo. Jioni gari lake la serikali lilipopanda kurudi Norton Summit lilipitia Norwood, na mara kwa mara alimpa lifti Don Dunstan, mbunge wa Labor wa huko, mkosoaji wake mkali kuliko wote.

Labor ilishinda 1965. Mwaka 1968 ikapata tena kura nyingi, lakini LCL ikarudi madarakani chini ya Steele Hall, kwa msaada wa Stott yuleyule. Mwaka huo eneo la Frome, mashambani, lilikuwa na kura 4,500 hivi, na la Enfield mjini 42,000. Hall naye alikuwa mkulima. Aliongeza viti hadi 47, vingi vikaenda mjini, akijua fika kitakachompata. Mwaka 1970 Dunstan alimshinda.